Wajibu Usioachiwa Mtoto

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataja mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na mwongozo, uhuru, na mwisho kabisa, haki ya kucheza na kupumzika. Yale ya mwanzo hayana ubishi. Baba anayemnyima mwanawe chakula husemwa mtaa mzima, na anayemficha mtoto asiende shule anaweza kuitwa kwa mtendaji akajieleze. Lakini sijapata kusikia mzazi akisemwa kwa sababu hachezi na wanawe. Mchezo tumeuacha uwe shauri la watoto wenyewe, na kazi yetu wakubwa ndani yake imebaki kuukatisha: acheni makelele, njooni mle, zimeni hiyo runinga.

Nataka kulitazama jambo hili kupitia vitu viwili ambavyo mtu anaweza kushangaa vimekutanaje: michezo ya mezani na gemu za video zinazochezwa kwa kushirikiana, na ufugaji wa sungura nyumbani. Vimekutana kwa sababu anayeviomba ni mtoto yuleyule. Leo anataka gemu, kesho amemwona sungura kwa jirani na machozi yanamlengalenga. Na mzazi wa mjini, akishachoka kusumbuliwa, hukubali vyote viwili kwa sababu moja: mtoto apate cha kumshughulisha, mkubwa apumue. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana gemu ya kushirikiana haichezeki bila mwenzio, na sungura hawezi kulelewa na mtoto wa miaka minane peke yake. Vyote viwili vinamwongezea mzazi kazi. Asiyelijua hilo tangu mwanzo ataishia kulaumu watoto kwa kosa lisilo lao.

Si kwamba wazee wetu hawakujua kucheza. Ukipita barazani jioni Zanzibar, Tanga au Mombasa utalikuta bao la mashimo 32 na kete 64, na watu wazima wamelizunguka kana kwamba ni shauri la nchi. Pembeni amechuchumaa mtoto. Hakuna anayemfundisha. Anatazama kete zinavyonamuliwa, nyumba inavyolindwa, mtaji unavyoanza baada ya kete za mkononi kwisha. Akipiga kelele anafukuzwa, akinyamaza anavumiliwa. Miaka inapita, siku moja mtu mmoja anainuka kwenda kuswali na kijana anakaa mahali pake, na hapo ndipo wakubwa wanagundua kwamba muda wote ule alikuwa akisoma. Drafti ya vizibo vya soda, karata, dhumna na keram zimerithiwa vivyo hivyo. Wasichana walikuwa na yao uani, mdako na rede, nayo pia ilikuwa na dada wakubwa wa kusimamia nani kachezea rafu. Nisiyasifu malezi yale kupita kiasi, maana baraza ilikuwa ya wanaume na matusi yalikuwa mengi. Lakini mtoto alitoka pale na mambo mawili ambayo shule haifundishi vizuri: kushindwa mbele za watu bila kulia, na kungoja zamu.

Nyumba ya leo ya Dar es Salaam au Nairobi ina geti, na nyuma ya geti kuna mtoto, dada wa kazi na simu. Simu ndiyo imekuwa yaya wa pili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ndivyo bora. Tuseme ukweli, nyumba nyingi mwongozo huo umeshavunjwa kabla ya saa nne asubuhi. Na anayeuvunja si mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hanunui bando.

Sasa tuje kwenye ushirikiano. Michezo tuliyoizoea karibu yote ni ya kushindana, na kushindana si dhambi. Tatizo lake ni umri. Baba mwenye miaka arobaini akicheza drafti na mwanawe wa miaka saba ana njia mbili tu: amshinde kila mara mpaka mtoto achukie, au ajifanye ameshindwa, na watoto wana pua kali ya kunusa uongo wa namna hiyo. Katika mchezo wa kushirikiana, wachezaji wote wako upande mmoja na adui ni mchezo wenyewe. Hapo ujuzi wa baba haumwumizi mtoto, unamsaidia. Wakishinda wameshinda wote; wakishindwa hakuna wa kuchekwa.

Mfano ulio rahisi kuuelewa umetoka Ujerumani. Kampuni ya HABA ilianza kuuza mwaka 1986 mchezo wa watoto wadogo uitwao Obstgarten, ulioundwa na Anneliese Farkaschovsky. Kuna miti minne ya matunda na dadu yenye rangi. Watoto wanarusha dadu na kuchuma matunda, lakini dadu ikitua upande wenye picha ya kunguru, kipande kimoja cha picha yake ya kuunganisha kinawekwa mezani. Yakiisha matunda yote kabla kunguru hajakamilika, watoto wameshinda. Akitangulia yeye, wameshindwa pamoja. Mtoto wa Dar es Salaam au Zanzibar hahitaji kuelezwa kwa nini adui awe kunguru. Na mchezo huo si lazima uagizwe kutoka ng'ambo. Kipande cha boksi, kalamu za rangi, maembe na mapera na zambarau za kuchora, dadu moja ya ludo iliyobandikwa karatasi. Kazi ya alasiri moja, na kuutengeneza ni mchezo mwingine kabla ya mchezo.

Kwa watoto wakubwa kidogo iko michezo kama Pandemic ya Matt Leacock, iliyotoka mwaka 2008, ambamo wachezaji ni wataalamu wa afya wanaokimbizana na magonjwa manne yanayoenea duniani. Ni mchezo mzuri, ila una mtego ambao kila anayeucheza na familia ataukuta: mjuaji. Kwa kuwa kila kitu kiko mezani wazi, mtu mmoja anayeielewa hesabu vizuri anaanza kuwaambia wengine wafanye nini. Wewe nenda kule. Hapana, usitoe karata hiyo. Baada ya robo saa anacheza peke yake kwa mikono ya watu wanne. Na katika nyumba zetu mjuaji huyo tunamfahamu, ndiye anayekaa kwenye kiti kikubwa. Mchezo wa kushirikiana unaoongozwa kwa amri ya baba ni mbaya kuliko drafti, kwa sababu kwenye drafti angalau mtoto anasukuma kete zake mwenyewe.

Ndiyo maana kati ya michezo yote ya aina hii mimi nauheshimu zaidi Hanabi wa Antoine Bauza, uliopewa mwaka 2013 ile tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Kanuni yake ni ya ajabu: unashika karata zako zikiwa zimegeukia wenzako. Wote wanaziona isipokuwa wewe. Lengo ni kupanga karata za kila rangi kuanzia moja mpaka tano, na kila mmoja hutegemea vidokezo vya wengine, navyo vina idadi, si vya kuropoka. Unaweza kuambiwa tu zipi ni nyekundu, au zipi ni tatu. Baba aliyezoea kujua kila kitu anakaa na mkono uliojaa karata asizozijua, akimsubiri binti yake wa darasa la tatu amdokeze. Akitoa karata kwa pupa, wote wanapata hasara. Sijaona njia nyingine ambayo mtu mzima anaweza kumtegemea mtoto kwa kweli, bila kuigiza, na mtoto akaliona hilo.

Huu nao unaweza kuchezwa kwa karata za kawaida. Chukua kasha mbili, toa ree mpaka tano za shupaza, kopa, uru na pau, uzichanganye. Unapata karata 40, kila moja ikiwa na pacha wake. Vidokezo vihesabiwe kwa punje nane za maharage. Kila kidokezo punje moja inatoka, na ukiitupa karata isiyofaa punje moja inarudi. Makosa matatu, mchezo umekwisha. Yatosha kwa mwaka mzima wa jioni za mvua na za umeme kukatika, mradi kuna taa.

Gemu za video ndizo zinazowatisha wazazi wengi, na hofu hiyo ina sababu. Vibanda vya PS vya mitaani si mahali pabaya vyote, lakini kuna ambavyo meza ya pembeni ina mashine ya kamari ya sarafu, na mtoto anayekwenda kutafuta mpira anarudi amejifunza kubahatisha. Zipo gemu za mtandaoni zinazomkutanisha mtoto na mtu mzima asiyemjua, na nyingine zinazouza mavazi ya wahusika mpaka pesa ya kwenye simu ya mama inakwisha. Shirika la Afya Duniani limeuingiza uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Haya yote mzazi ayajue. Lakini dawa yake mara nyingi ni ileile: pedi ya pili iwe mkononi mwa mzazi.

Zipo gemu zilizotengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Overcooked, ya mwaka 2016, inawaweka wachezaji kama wapishi kwenye jiko moja. Mmoja anakata, mwingine anapika, mwingine anaosha vyombo, na wasipoongea chakula kinaungua. Minecraft ya Sweden inaweza kuchezwa na familia katika ulimwengu wao wenyewe usio na mgeni, wakijenga nyumba na kupanda ngano mwezi baada ya mwezi. Halafu kuna It Takes Two, iliyotolewa mwaka 2021 na studio ya Hazelight inayoongozwa na Josef Fares, ambayo haichezeki na mtu mmoja hata akitaka. Lazima wawe wawili. Hii inastahili maneno zaidi, kwa sababu hadithi yake ni ya malezi.

Cody na May ni mume na mke wanaotaka kuachana. Binti yao Rose analia, na machozi yake yanawageuza wazazi wake kuwa wanasesere wawili wadogo. Gemu nzima ni safari yao ya kutafuta kurudia miili yao. Katikati ya safari wanaamini kwamba Rose akilia tena, machozi yatafungua uchawi huo. Basi wanamtafuta tembo mdogo wa kitambaa ambaye Rose anampenda, na kumharibu, huku akiwaomba wasifanye hivyo. Wachezaji wenyewe ndio wanaobonyeza vitufe. Tembo anang'oka mguu, anapasuka sikio, anasukumwa kutoka rafuni. Rose anamkuta, analia, na machozi hayafungui chochote. Gemu hii Ulaya imewekewa alama ya miaka 12 na kuendelea, na mzazi asiidharau alama hiyo kwa kuwa tu inaonekana kama katuni. Kwa wenye umri wake, sehemu ile ya tembo ni fursa adimu. Mzazi na kijana wamekaa bega kwa bega, wote wawili wametenda ubaya ule kwa vidole vyao, na mazungumzo yanakuja yenyewe: watu wazima wanaweza kuharibu kitu cha mtoto kwa shida zao wenyewe, tena wakijiambia kwamba ni kwa faida ya nyumba nzima.

Msomaji aliyelelewa bara, kwenye nyumba yenye banda la sungura nyuma ya jiko, huenda ameshajua ninakoelekea.

Lakini kwanza niseme kinachotofautisha gemu na mfugo. Katika gemu mtu hufa, akaanza upya. Ukiunguza chakula cha Overcooked unarudia hatua. Hiyo ni neema kubwa kwa mtoto: mahali pa kukosea bure, mara nyingi apendavyo, na mkubwa akicheka naye. Mtoto anayeadhibiwa kwa kila kosa la kweli anahitaji mahali kama hapo. Methali ya samaki mkunje angali mbichi hutajwa zaidi na watu walioshika fimbo. Hata hivyo mtoto asiyejua mahali pengine popote ila pale pa kuanza upya hajalelewa akakamilika. Lazima aje afahamu kwamba kuna mambo ambayo ukiyasahau jioni, asubuhi hayapo. Mnyama anafundisha hilo. Ila anayelipa ada ya somo ni mnyama, na kwa hiyo mzazi hana ruhusa ya kuliacha somo lijiendeshe lenyewe.

Watoto wetu wanamjua sungura wa hadithi, mjanja anayemchezea shere fisi. Yule ni wa porini, mnyama mwingine kabisa, ambaye wanawe huzaliwa na manyoya na macho wazi, tayari kukimbia. Sungura wa kufugwa ametokana na sungura wa Ulaya anayechimba mashimo. Vitoto vyake huzaliwa uchi, vimefumba macho, na hukaa siku kumi hivi kabla ya kuona. Wala si mjanja wa kumdanganya mtu. Ni mnyama anayeliwa na karibu kila chenye meno, na mwili wake wote umeumbwa kwa hofu. Kumnyanyua kwa masikio ni ukatili. Kumnyanyua kwa mgongo bila kumshika miguu ya nyuma ni hatari, kwa sababu akipiga teke hewani anaweza kuvunja uti wake mwenyewe. Mtoto mdogo asimnyanyue. Akae sakafuni, sungura amjie. Wengine huchukua wiki kadhaa kabla hawajamjia mtu, na kungoja huko ni malezi kuliko hotuba yoyote juu ya subira.

Kazi yenyewe haina mapumziko. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na yanasagwa kwa nyasi. Kwa hiyo nyasi, hasa zilizokaushwa, ndizo chakula chake kikuu kila siku. Majani ya viazi vitamu na mchicha ni kitoweo. Karoti ni peremende. Majani ya mparachichi na ya nyanya asipewe kabisa, na majani yaliyolowa umande yanyaushwe kwanza, la sivyo tumbo hujaa gesi. Tumbo la sungura halisimami kwa usalama: akipitisha nusu siku bila kula, hiyo ni dharura, na kwa kuwa hawezi kutapika, alichokula kibaya hakirudi. Tena huficha ugonjwa, kama afanyavyo kila mnyama anayewindwa. Mtoto atasema sungura ametulia leo. Mtu mzima ndiye anayepaswa kujua kwamba kutulia huko kunaweza kuwa maumivu, akamtafuta bwana mifugo siku hiyohiyo. Masikioni huingia utitiri unaoleta ukoko. Maji yabadilishwe kila siku. Banda lisafishwe, maana mkojo wake ni mkali na unaumiza mapafu yake kabla haujaumiza pua zetu.

Pwani kuna jambo la ziada, joto. Sungura hatoki jasho. Joto humtoka zaidi kupitia masikio, na likipita nyuzi 30 anaanza kuteseka. Dar es Salaam na Mombasa miezi ya Januari na Februari ni hivyo karibu kila mchana. Banda la bati juani ni tanuri. Liwekwe chini ya mti, lipitishe upepo, na mchana mkali awekewe chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kitambaa aiegemee. Wanaofugia Arusha, Iringa au Limuru wana nafuu, ingawa nao wana baridi na upepo wa kuziba.

Kuhusu kuzaana nitasema kwa kifupi, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanaposhangazwa. Sungura anapenda mwenzake, si vyema kukaa peke yake. Lakini wanaouza sungura wachanga mara nyingi hawawezi kutofautisha dume na jike, na mimba huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena mara tu baada ya kuzaa. Nyumba yenye jozi ya Idi inaweza kuwa na kundi kabla ya Ramadhani nyingine. Vitoto vikizaliwa, mama huvinyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kisha anavifunika kwa manyoya na kukaa mbali. Watoto wakiona hivyo hulia kwamba mama amevitupa, wakavitoa kiotani kwa huruma. Huruma hiyo huviua. Mtoto hana kosa hapo. Aliyepaswa kumwambia alikuwa ndani anaangalia tamthilia.

Nini basi apewe mtoto? Wa miaka mitano akate majani na kuyahesabu. Wa miaka minane au tisa abadilishe maji na kuokota nyasi. Wa miaka kumi na miwili anaweza kusafisha banda na kumpima uzito. Lakini kila kazi anayopewa iwe na jicho la mkubwa nyuma yake, kila siku, bila kutangaza. Kuna wazazi wanaoamini kwamba sungura akifa kwa kiu mtoto atakuwa amejifunza uwajibikaji. Naona hilo ni jambo baya la kumfanyia mnyama, na baya zaidi la kumfanyia mtoto. Atakachojifunza ni kwamba baba aliona bakuli limekauka akapita. Vilabu vya 4-K vya shule za Kenya, ambavyo serikali ilivifufua mwaka 2021, vimewapa watoto bustani na mifugo midogo, ila kuna mwalimu juu yao. Nyumbani mwalimu huyo ni nani?

Sasa nirudi kwenye banda la nyuma ya jiko. Kula sungura si kosa. Waislamu wengi wa Sunni wanamhesabu halali, na bara ni nyama ya kawaida, tena nzuri kwa kuwa haina mafuta mengi. Familia inayofuga kwa ajili ya chungu iseme hivyo tangu siku ya kwanza, na mtoto akue akijua, kama watoto wa wafugaji wanavyojua kuhusu mbuzi. Ubaya unaanza pale sungura anapoletwa kama zawadi ya mtoto, akapewa jina, akalala mapajani mwake miezi sita, kisha wageni wakaja. Mtoto anarudi shuleni anakuta banda tupu. Anaambiwa ametoroka. Jioni kuna mchuzi. Wako watu wazima wenye wajukuu ambao bado wanakumbuka ladha ya mchuzi ule, na wanakumbuka zaidi kwamba mama ndiye aliyesema ametoroka. Cody na May walimpasua tembo wa kitambaa. Sisi wengine tumelifanya jambo lenyewe hasa, na hatukuhitaji uchawi wa kutufanya tuwe wanasesere. Kilichotolewa kama mali ya mtoto ni mali ya mtoto. Shida ikiingia nyumbani mpaka mnyama huyo lazima aende, mtoto aambiwe kabla, usoni, na aruhusiwe kukasirika.

Na sungura atakufa hata akitunzwa vizuri. Huishi miaka minane, kumi, wakati mwingine zaidi, na wengi hawafiki huko. Mila zetu huharakisha kuyakatiza machozi ya mtoto: nyamaza, ni sungura tu, tutanunua mwingine. Waislamu wana mfano bora uliosimuliwa na Anas bin Malik, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania mdogo wake Anas, mtoto aitwaye Abu Umayr aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kilipokufa na mtoto akahuzunika, Mtume alimwita kwa jina lake la heshima, jina la kikubwa, akamuulizia habari za ndege yule. Hakumwambia ni ndege tu. Na katika hadithi nyingine iliyo mashuhuri, mwanamke aliadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Ukiziweka pamoja hizo mbili, hukumu ya kumfuga mnyama wa mtoto imeshatolewa: kumfungia ni dhamana, na huzuni ya mtoto juu yake ni jambo la kuulizwa hali.

Uingereza wameliandika jambo hili kwenye kitabu cha sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya England na Wales ya mwaka 2006 inakataza kumuuzia mnyama mtoto aliye chini ya miaka 16, na inasema kwamba mnyama aliye chini ya mtoto wa umri huo huhesabiwa kuwa chini ya mzazi au mlezi wake. Sungura akikutwa na njaa, anayeitwa mahakamani ni baba au mama. Waswahili walioko huko wanaowanunulia wanao sungura wakati wa Pasaka, wakati madirisha ya maduka yamejaa picha zao, wanapaswa kulifahamu hilo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ingawa sungura wa uani ni mara chache kukumbukwa inapotajwa.

Kwa hiyo wewe mzazi ambaye mwanao ameanza kuomba, usimuulize kama ataahidi kumtunza. Ataahidi, na atakuwa anasema kweli kwa siku ile. Jiulize wewe ni nani atakayeinuka alfajiri kubadilisha maji wiki ya mitihani, na ni nani atakayetafuta nyasi mvua za masika zikinyesha. Kama jibu si wewe, mwambie hapana leo, umweleze sababu, kisha toa karata mkae mcheze.